Nne kwa Tatu

Mchezo huu ulizaliwa nne kwa tatu,
enzi za kioo chenye mgongo kama kobe.
Kioo changu mimi ni kumi na sita kwa tisa,
kipana, bapa, kimepigiwa misumari ukutani
ghorofani Mtemani, Wete,
juu ya duka la vipuri vya Vespa la Bakar Asaa,
na harufu ya oili hupanda ngazi bila kubisha hodi.

"Usininyoshe," akasema Faki Shaame.
Nilikuwa nimeivuta picha ijaze kioo,
na yule mtu wake mdogo mwenye upanga
kanenepa ghafla, kafupika,
kama aliyekula pilau la harusi tatu.
Gurudumu likawa yai. Mwezi ukawa embe dodo.
"Huyu mimi simjui. Mrudishe."

Nikamrudisha.
Pembeni zikabaki kanda mbili nyeusi,
moja kushoto, moja kulia,
kama wanawake wawili wa buibui
waliokuja kuposa, hawajapewa viti.

Hilo halikuwa tatizo.
Tatizo, nikibonyeza kitufe chekundu
mashine inatembea kama iliyokanyaga mwiba.
Fremu sitini zinakuwa kumi na tisa.
Faki anabonyeza: ruka.
Mtu anafikiri.
Anafikiri.
Anaruka,
shimo limeshamla.

"Hunirekodi mimi," Faki akasema,
"unarekodi uzito wa mashine yako."
Akavaa viatu, akarudi kwenye cherahani yake.

Nikakaa na daftari. Mstari nao una upana wake:
nane na nane, kumi na sita. Nikaandika:

Madirisha nimefunga, moja tu limebakia,
Diski mpya nimeunga, ya zamani ikalia,
Feni kubwa nimepanga, mbavuni yapulizia,
Bado mwendo wajivunga, kama anayesinzia.

Ndipo nikaona hoja, mezani imezagaa:
Kichwa chenyewe kimoja, kazi mbili chakataa,
Kucheza kuwe pamoja, na kukumbuka, balaa;
Niliazima ya Mwaja, ikae ikishangaa.

Kompyuta mbili, basi, na waya mmoja katikati.
Moja icheze. Moja ikumbuke.
Mwaja binti Kombo hakuiacha mashine yake ije peke yake;
alikuja nayo, akaushika waya usilegee,
mkono mmoja waya, mkono mmoja kachori.
Tulizima taa tusile umeme wa bure.
Faki alipangusa vidole kwenye suruali,
vidole vya fundi, vyenye alama za sindano,
akaanza.

Dakika arubaini na moja. Hakufa hata mara moja.
Fremu sitini, sitini, sitini,
namba ya pembeni haikutikisika,
na mimi niliyekuwa naitazama hiyo namba
nikakosa nusu ya mchezo.

Filamu ninayo. Nimeitazama sijui mara ngapi.
Kila kitu kimo, kwa umbo lake:
gurudumu ni gurudumu, mwezi ni mwezi,
na pale mlango wa tano alipositasita
utadhani kasikia jina lake likiitwa nje.

Lakini usiku ule, ndani ya kanda ya kushoto,
nyeusi kama maji ya kisima,
nilimwona Faki mwenyewe,
ulimi nje, jicho halipepesi,
na ndani ya kanda ya kulia
Mwaja na waya wake na nusu ya kachori.
Hayo waya haukuyapitisha.
Kwenye filamu, weusi ni weusi tu.

Faki sasa yuko Mkoani, ana cherahani mbili.
Mwaja alichukua mashine yake, ilikuwa haki yake.
Alasiri, jua likiingia dirishani, naiwasha tena.
Nikisogea kushoto, nimo kanda ya kushoto.
Nikisogea kulia, nimo ya kulia.
Katikati yule mtu mdogo anaruka,
hakawii.